Miezi minane na seti ya sufu na shanga: nilichobaki nacho na nilichokiweka kando

Seti hii niliiagiza mtandaoni mwezi wa Februari kwa shilingi 2,800, nikaletewa hapa Nakuru. Ndani ya boksi mlikuwa na sindano tatu za kudungia sufu, kipande cha sponji, vifurushi kumi vya sufu ya rangi na vichupa sita vya shanga. Kutunga shanga nimekuzoea tangu sekondari. Sufu ndiyo iliyokuwa ngeni kwangu, na nilichotaka ni kuviunganisha viwili hivi: herini za vitufe vya sufu vilivyoshonewa shanga juu.

Sindano zimenifurahisha kuliko vyote. Hazina tundu la uzi. Ncha ni ya pembe tatu, na kwenye kingo zake kuna vijino vidogo ambavyo huvioni vizuri mpaka uigeuze sindano kwenye mwanga. Nywele ya kondoo ina magamba. Ukidunga, vijino vinazisukuma nywele ndani, magamba yanashikana na hazirudi nje. Bonge la sufu lililojaa kiganja linapungua mpaka linakuwa kitufe kigumu, kidogo kama zambarau. Mara ya kwanza kitufe kilipokaza mkononi mwangu nilikaa nacho jioni nzima, nakibonyeza tu.

Sindano mbili zilivunjika wiki ya kwanza, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa naipinda ikiwa bado ndani. Itoke kwa mwelekeo uleule ulioingilia, basi. Namba nazo zina maana, ingawa za seti hazikuandikwa: namba inavyopanda ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba. Sasa naanzia umbo na 36, kazi kubwa naifanya na 38, uso naulainisha na 40. Vaa subana kwenye kidole kinachoshikilia sufu, tafadhali. Vijino vile vikiingia kwenye nyama, vinauma vikitoka pia.

Sponji haikumaliza mwezi, ikawa inabomoka na vumbi lake linaingia kwenye kazi. Nimeshona kimfuko cha gunia nikakijaza mchele, na mpaka leo ndicho ninachotumia.

Sasa sufu, na hapa nina malalamiko. Rangi tatu kati ya kumi hazikukaza hata nikidunga saa nzima. Nikachukua uzi mmoja wa kila rangi nikauchoma kwa kiberiti juu ya sahani. Sufu halisi inanuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake yanasagika kwa vidole. Zile tatu ziliyeyuka zikawa tone gumu jeusi. Ni plastiki, na plastiki haina magamba ya kushikana. Nilimwandikia muuzaji nikamtumia na picha. Alinijibu kwamba ni "sufu mchanganyiko", na pesa hakurudisha. Iliniuma, kwa sababu kwenye tangazo aliandika sufu asilimia 100.

Lakini ndiyo iliyonifanya niulize sufu huku kwetu. Mfugaji mmoja wa upande wa Molo aliniuzia manyoya ya kondoo wake wa Corriedale yakiwa bado na mafuta na majani. Niliyaloweka kwenye maji ya moto yenye sabuni ya vyombo, maji matatu, bila kukoroga, maana ukikoroga yanagandamana kabla hujayatumia. Yalipokauka niliyachana kwa brashi ya waya ya kuchania mbwa, mpya. Yanashika haraka kuliko sufu yoyote ya kwenye seti, na weupe wake una umanjano kidogo ninaoupenda sana.

Shanga za seti sizitaki tena. Hazilingani, nyingine nene, nyingine zina tundu ambalo hata sindano ya kutungia shanga namba 10 haipiti. Baya zaidi ni zile nyekundu. Nilimtengenezea mpwa wangu herini nyeupe zenye mistari miekundu, akanyeshewa nazo, na alipofika nyumbani kitufe kizima kilikuwa cha waridi. Rangi ilikuwa imepakwa juu ya kioo tu. Siku hizi sitii shanga kwenye kazi kabla ya kuisugua kwa pamba yenye dawa ya kutolea rangi ya kucha. Pamba ikibadilika rangi, shanga inabaki nje.

Nimehamia shanga za Ucheki, za mji wa Jablonec, zilezile ambazo akina mama wa Kimaasai wamezitumia kwa miaka mingi. Ninachukua saizi ya 11/0, kama milimita 2 kila moja. Za Kijapani zinalingana zaidi na zinapendeza kwenye kazi bapa, lakini ni ghali, na kwenye kitufe cha mviringo tofauti haionekani. Uzi ninaupitisha katikati ya kitufe na fundo nalivuta lizame ndani ya sufu. Kudunga kote kuishe kabla ya shanga ya kwanza, kwani sindano ya sufu ikigonga kioo inakatika.

Sindano ninazipa tano kwa tano, sufu mbili, shanga moja. Seti nzima nisingeinunua tena. Nimeagiza sindano peke yake, kumi za namba 38, na yule mfugaji ameniahidi manyoya ya kondoo mweusi wakikatwa tena.