Uzoefu wangu wa kutafuta mti wa upinde: mninga, mkaratusi, mpera na mkole

Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu nimenunua, nimeomba na nimekatiwa miti ya aina nne kwa kusudi moja tu, nalo ni kuchonga upinde wa asili wa kulengea shabaha nyumbani kwangu, hapa Dodoma. Upinde wa marehemu babu ulikuwa umebunguliwa na wadudu darini hata ukawa unga mtupu ndani ya ganda, nami nikaona heri nichonge wangu kuliko kununua wa mapambo unaouzwa kwa watalii. Nilipoanza nilidhani ugumu utakuwa katika kuchonga. Ugumu ulikuwa katika kuupata mti.

Nilianzia dukani. Katika yadi moja ya mbao nilimweleza muuzaji ninachotaka, naye bila kusita akanitolea mninga wa inchi 1 kwa 2, urefu wa futi 6, akinihakikishia kwamba mninga ni mti wa kufa na kuzikana. Kwa kitanda au mlango hakukosea, kwa maana mninga hausinyai sana unapokauka, haupindi ovyo, na randa hupita juu yake bila taabu. Lakini seremala wa samani hutaka mbao iliyotulia, ilhali mchonga upinde hutaka mti unaokubali kupinda na kurudi mahali pake mara maelfu. Tena msumeno haujali nyuzi za mti zinaelekea wapi. Mbao yangu ilikuwa imenyooka kwa macho, ila nyuzi zake zilikuwa zimekatwa mshazari, zikianzia upande mmoja na kutokea upande wa pili kila baada ya shubiri mbili hivi. Upande wa upinde unaoitazama shabaha, ambao huitwa mgongo, hutanuka kila unapovuta, na upande unaomtazama mpigaji, yaani tumbo, hubanwa. Kwa hiyo uzi uliokatwa mgongoni ndipo ufa unapoanzia. Nilipovuta kufikia sentimita 45 kibanzi kikanyanyuka, na nilipojifanya sikukiona nikavuta tena, upinde ukakatika vipande viwili kwa mlio uliowatoa majirani nje.

Simlaumu muuzaji kwa mti wenyewe. Ninachomlaumu ni kunikataza kupindua rundo ili nichague mwenyewe, akisema mbao zote ni sawa. Kwa anayejenga paa pengine ni sawa.

Mkaratusi niliupata kwa bei ndogo, fito mbili mbichi kutoka kwa mtu anayeuza nguzo za ujenzi. Ndani ya wiki tatu zilikuwa zimepasuka kutoka miishoni hadi karibu na katikati, na moja ilijisokota kama kamba. Sikuendelea nazo. Mpingo sikuujaribu kabisa, ingawa wengi wamenishauri: ni mti mzito unaozama majini, shina lake mara nyingi huwa na mapindapinda, na mikono ya upinde, yaani nusu zake mbili zinazojikunja, ikiwa mizito huurusha mshale polepole. Waachiwe wachongaji wa vinyago na watengenezaji wa zumari na klarineti.

Mpera ulinishangaza. Watoto wetu wanaujua kuliko sisi, maana panda nyingi za manati hukatwa kwenye mpera, na hawakosei: ni mti wenye nyuzi zilizoshikamana, mgumu kupasuka, tena upo uani kwa watu. Kasoro yake ni kwamba tawi lililonyooka kwa urefu wa mtu mzima halipatikani kirahisi. Kutokana na tawi la jirani nilichonga upinde wa futi 4 kwa ajili ya mwanangu, na hadi leo anautumia.

Mkole ndio niliotaka kuuzungumzia hasa. Wengi tunaukumbuka kwa matunda yake madogo tuliyokuwa tukiyatafuna tukichunga, na Wazaramo wanaukumbuka kwa shughuli za mwali. Hapa kwetu mti huu hutoa mipini, fimbo na pinde, na maganda yake husokotwa kamba. Mzee mmoja nje ya mji alikubali kunikatia fito tatu shambani kwake kwa shilingi 15,000, nami nashauri kila mtu afuate njia hiyo ya kumwendea mwenye shamba, kwa sababu kukata mti ndani ya hifadhi ya msitu bila kibali ni kosa, na fito moja haistahili kesi.

Huduma niliyoipata kwa mzee yule sikuipata katika duka lolote. Alizunguka kichaka kizima kabla ya kunyanyua panga, akipitisha kiganja kwenye shina moja baada ya jingine. Nilimwonyesha fito nene iliyonipendeza, akatikisa kichwa. "Mwalimu, hiyo ina macho," akasema, akimaanisha vifundo vidogo vya matawi ambavyo mimi sikuviona mpaka alipoviweka chini ya kidole changu. Alichagua fito zenye unene wa kifundo cha mkono, ndefu kidogo kuliko kimo changu, zenye upande mmoja usio na jicho hata moja. Upande huo ndio uliokuja kuwa mgongo. Ilikuwa mwezi wa nane, majani yamepukutika, na kwa maelezo yake mti uliokatwa wakati huo huwa na maji machache na hauwavutii sana wadudu.

Nyumbani nilibandua maganda ya fito mbili, nikapaka miisho rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo ili isikauke haraka kuliko katikati, kisha nikazilaza kivulini juu ya boriti. Ya tatu niliiacha na ganda lake kwa uvivu, na kabla ya Krismasi ilikuwa inamwaga unga kwenye vitundu. Kila Jumapili nilipima uzito kwenye mizani ya duka la jirani. Fito niliyoitumia ilianza na kilo 2.3, ikashuka hadi 1.8, na ilipokaa hapo kwa wiki nne mfululizo nikajua imekauka. Methali ya samaki mkunje angali mbichi haifai hata kidogo katika kazi hii, kwa kuwa upinde uliokunjwa ungali mbichi hubaki hivyo hivyo umekunjamana na hauna nguvu ya kurudi.

Mgongo sikuugusa kwa chuma. Nilipunguza tumbo peke yake, kwanza kwa tezo, kisha kwa tupa, na mwisho kwa kipande cha chupa, nikipinda kidogo kila mara na kuangalia kama mikono yote miwili inajikunja sawasawa. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi nao huchonga pinde zao kutokana na mti mzima wala si mbao iliyopasuliwa, na ugwe wao, yaani kamba ya upinde, ni wa kano za wanyama. Mimi nilisokota uzi wa kushonea viatu nikaupaka nta ya nyuki, baada ya kujaribu nailoni na kuona inavutika mno. Ugwe huo unastahili tathmini yake peke yake, kwa maana mti na ugwe ni uta na upote.

Upinde uliokamilika una urefu wa sentimita 165, na kwa mizani ya kuning'iniza huvuta kilo 18 unapofikia sentimita 65. Baada ya miezi minane ya kulenga gunia lililoshindiliwa nyasi umebaki na mpindo wa kudumu wa sentimita 4, ambao kwangu ni kidogo, na mgongo hauna ufa. Mkole naupa nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu nimeipunguza kwa sababu ya miezi ya kungoja na ile fito iliyoliwa. Mpera naupa tatu, mkaratusi moja. Mninga siupi nyota katika kazi ya upinde, ila vipande vyangu viwili sasa ni miguu ya stuli ya jikoni, na stuli hiyo haitikisiki.