Nimejaribu njia zote za kuacha skripti ikifanya kazi usiku kucha, systemd ndo imebaki

Systemd, yaani ile programu ya Linux inayoanzisha na kusimamia programu nyingine, naipa nyota nne kati ya tano, ile moja nimeibania na sababu mtaiona huko chini.

Mimi niko Busia upande wa Uganda, nina kaboti kadogo ka Telegram nimekaandika kwa Python, kazi yake ni kuchukua reti ya shilingi ya Kenya kwa ya Uganda kila dakika 10 na kuwatumia watu, wengi ni akina mama wa mahindi na maharage wanaovuka mpaka na madereva wa malori waliolala kwenye foleni. Mwanzo nilikuwa nakaendesha kwa laptopu nyumbani, hiyo hata sina la kusema, ukifunga mfuniko inalala, Yaka (umeme wetu wa kulipia kabla) ikiisha nayo inaisha. Nikakodi kaseva ka bei rahisi huko nje, nikaingia kwa ssh (njia ya kuendesha seva kutoka mbali kwa kuandika amri) na hotspoti ya simu, nikaandika python3 boti.py, mesenji zikaanza kuingia, nikaenda kulala nikijiona fundi. Usiku bando ikaisha, na boti ikafa palepale.

Kumbe laini ya ssh ikikatika, programu zote ulizoanzisha kwenye hiyo terminali zinapelekewa signali inaitwa SIGHUP, ni kama kuambiwa mwenyewe amekata simu, na jina lenyewe limetoka enzi za modemu za simu kweli. Programu ikiipata na haina mpango nayo, inakufa. Ndo maana kuna nohup, unaandika nohup python3 boti.py & na signali ile inapuuzwa. Inafanya kazi, siikatai, kwa kitu cha usiku mmoja bado naitumia. Ila nilikaa karibu nusu siku naangalia faili ya nohup.out iko tupu nikidhani imekwama, kumbe Python ikiandikia faili badala ya skrini inajaza kwanza ndoo ndo imwage, mpaka uweke -u. Halafu siku nyingine nikasahau kwamba ipo hai nikaianzisha tena, watu wakawa wanapata reti mara mbili mbili, mama mmoja akanipigia, "Mwanangu, nimesikia, usirudie."

Tmux, programu inayoshikilia terminali yako ibaki wazi hata ukiondoka, ni tamu zaidi, hiyo lazima niseme. Unafungua, unaanzisha kitu chako, unabonyeza Ctrl na b halafu d unaondoka zako, ukirudi hata kwa simu tmux attach unakuta kila kitu pale ulipoacha. Kwa kuangalia kitu kwa macho hakuna inayoishinda. Tatizo wenye seva waliirestati kwa matengenezo yao, na tmux ikaenda na kila kilichokuwa ndani, hakuna wa kuamka kuianzisha ila mimi, na mimi nilikuwa Mbale kwenye mazishi.

Hapo ndo nikaingia systemd, ambayo nilikuwa naikwepa kwa sababu kila mtu anasema ni ngumu. Ni faili moja jamani, inakaa /etc/systemd/system/boti.service, yangu iko hivi:

[Unit]
Description=Boti ya reti
Wants=network-online.target
After=network-online.target

[Service]
User=boti
WorkingDirectory=/opt/boti
EnvironmentFile=/opt/boti/siri.env
ExecStart=/opt/boti/venv/bin/python -u boti.py
Restart=always
RestartSec=10

[Install]
WantedBy=multi-user.target

Halafu sudo systemctl daemon-reload, na sudo systemctl enable --now boti, basi. Ikianguka inainuliwa, seva ikizimwa na kuwashwa inaamka yenyewe, logi unasoma kwa journalctl -u boti -f. Msiache ile RestartSec, bila hiyo inajaribu tena baada ya milisekunde 100 tu, na ikianzishwa mara 5 ndani ya sekunde 10 systemd inanuna, haijaribu tena, ndo hivyo imelala mpaka uje mwenyewe. Pia haisomi .bashrc yako (faili ya mipangilio ya terminali) wala haielewi cd na &&, ile siyo shell (programu inayopokea amri unazoandika), tokeni yangu, yaani nywila ya boti, ilikuwa kwenye .bashrc na nikapoteza jioni nzima nashangaa mbona kwa mkono inaenda na kwa systemd haiendi, ndo sababu ya hiyo siri.env.

Sasa ile nyota. Asubuhi moja nimekaa kibandani nasubiri rolex yangu (chapati ya kukunjia mayai), mama wa mahindi huyo anakuja na simu mkononi, bila hata salamu. "Wewe, huyu mtu wako wa kwenye simu jana usiku alifunga duka?" Nikamwambia haiwezekani shikamoo mama, nikafungua systemctl status boti mbele yake, kijani kabisa, active (running). Na kweli mesenji hakuna tangu usiku, naye alikuwa amebadilisha hela kwa reti ya jana akidhani haijasogea. Nikatafuta kwenye logi, mstari wa mwisho unasema 23:04, mama anasema yake ya mwisho iliingia saa nane na dakika nne usiku, tukabishana hapo mpaka chapati ikapoa, kumbe seva ilikuwa kwa UTC, zile saa za kimataifa, na sisi tuko masaa 3 mbele, yeye ndo alikuwa sawa. (sudo timedatectl set-timezone Africa/Kampala, fanyeni siku ya kwanza.)

Boti haikuwa imekufa, ilikuwa imeomba reti kwenye mtandao na jibu halikuja, ikabaki inasubiri. Maktaba ya requests ya Python usipoiwekea timeout (kikomo cha kusubiri) inasubiri tu, hata wiki. Systemd inaangalia kama mtu anapumua, haiangalii kama anafanya kazi. Kosa ni langu, lakini ile rangi ya kijani ilinidanganya mbele ya mteja, kwa hiyo nyota nimeikata na sirudishi.

Dawa niliweka mbili, timeout=15 kwenye kila ombi, na RuntimeMaxSec=6h kwenye ile faili, yaani kila masaa 6 systemd inakaua yenyewe na Restart inakafufua. Wataalamu watanicheka najua, kuna WatchdogSec ambapo skripti inatakiwa iwe inaripoti kwamba ipo macho, nitafika huko. Kwa sasa kaboti kangu hakajawahi kuzeeka zaidi ya masaa 6, na mama hajui lolote, anachouliza ni lini kataanza kutuma na bei ya maharage.