Know Your Meme: tovuti inayofuatilia utani wa mtandaoni hadi chimbuko lake

Anayeniuliza picha au msemo uliozagaa mitandaoni ulianzia wapi, humwelekeza kwanza kwenye tovuti ya Know Your Meme, iliyoanza mwaka 2008 kama mfululizo wa video fupi za studio ya Rocketboom jijini New York, na ambayo sasa Maktaba ya Bunge la Marekani huhifadhi nakala zake. Mtu yeyote aliyejisajili anaweza kupendekeza meme, yaani picha, video au msemo unaoigwa na kusambaa mtandaoni, kisha wahariri huichunguza na kuithibitisha au kuikataa.

Ubora wake uko katika kutenganisha chimbuko na usambaaji. Chukua mfano wa Ugandan Knuckles, yule kiumbe mwekundu aliyeujaza mchezo wa mtandaoni wa VRChat Januari 2018, akiwaandama wachezaji wengine na kuwauliza, kwa lafudhi ya kuigiza Waganda, kama wanaijua njia. Ukifuatilia nyayo zake unakuta kwamba mchoro ulitoka kwenye katuni ya mwaka 2017 ya Gregzilla, mtengenezaji wa video za YouTube, kwamba mashabiki wa Forsen, anayerusha michezo ya video moja kwa moja mtandaoni, ndio waliochangia kueneza maneno hayo, na kwamba nyuma ya mzaha wao ipo filamu ya Who Killed Captain Alex, iliyotengenezwa mwaka 2010 na Nabwana I.G.G. huko Wakaliga, Kampala. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video, tukimsikiliza msimulizi akipaza sauti juu ya sauti za waigizaji, tunautambua mara moja uchangamfu wa msimulizi VJ Emmie katika filamu ile. Wengi walioiga lafudhi hiyo kwa dhihaka hawakujua kwamba ina wenyewe, na ndiyo maana nauthamini sana ukurasa unaomrudishia msanii wa Wakaliga haki yake.

Hata hivyo, tovuti imeandikwa kwa Kiingereza, na ushahidi inaoutegemea ni viungo, tarehe za machapisho na grafu za utafutaji. Msemo uliotoka kwenye kanga ukaingia katika taarabu, kisha ukaandikwa nyuma ya daladala, hauachi kiungo hata kimoja. Anayetaka kuufuatilia hana budi kuwauliza wauza kanga na waimbaji wenyewe.

Kwa meme zilizozaliwa mtandaoni, sijaona pengine penye subira kama hii. Huduma ni ya bure, ingawa matangazo ni mengi. Anza na sehemu ya chimbuko, na ufungue viungo vyake mwenyewe kabla hujamsambazia mwenzako.