Semina ya kupima haiba, Malindi, Unguja

Semina ya nusu siku niliyohudhuria Malindi iliahidi kumjulisha kila mshiriki haiba yake kwa kipimo cha Myers-Briggs, nami nikatoka nimebandikwa herufi 4 za fungu la haiba yangu na karatasi yenye sifa njema tupu. Vitumbua, kwa haki, vilikuwa vizuri. Mwezeshaji alikiita kipimo hicho cha kisayansi, bila kutaja kwamba Katharine Briggs na bintiye Isabel Myers, waliokitunga nchini Marekani kwa kufuata nadharia aliyoichapisha Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, mwaka 1921, hawakuwa wanasaikolojia. Kasoro kubwa zaidi ni kuwagawa watu katika mafungu 16, kwa mfano ama mkimya ama mchangamfu, ilhali wengi wetu tumo katikati, na ndiyo maana wengi wanaokirudia baada ya wiki chache huangukia fungu jingine. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake maelezo yaleyale, kila mmoja akidhani yameandikwa kwa ajili yake pekee, nao wakayapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Karatasi yangu nilimsomea shemeji yangu, mvuvi wa Mkokotoni, naye akaapa kwamba aliyeelezwa ni yeye. Mwajiri anayetaka kuchagua wafanyakazi kwa semina hii simshauri ailipie.