Ukumbi wa vyuma wenye mwalimu hodari na upungufu wa visahani vidogo

Anayetaka kujaza misuli hapa Dodoma hakosi mahali pa kwenda, kwa sababu tangu Serikali ilipoanza kuhamishia watumishi wake katika jiji hili mwaka 2016, kumbi za mazoezi zimeongezeka pamoja na nyumba za kupanga na migahawa. Kilicho adimu ni ukumbi ambao mwalimu wake anaweza kumweleza mwanachama kwa nini anafanya zoezi fulani, kwa uzito gani, na juma lijalo kitabadilika nini. Ukumbi ninaoutathmini hapa uko upande wa mashariki wa jiji, na jina lake naliacha kwa kuwa baadhi ya niliyo nayo ya kusema si ya kusifia. Unatimiza hilo la mwalimu vizuri kuliko kumbi nyingine zote nilizotumia katika Kanda ya Kati, lakini una upungufu mmoja unaogusa kiini chenyewe cha kazi yake: hauna visahani vidogo, yaani vyuma vya duara vinavyovishwa kwenye ncha za mtaimbo (fimbo ya chuma ya kunyanyulia) ili kuongeza uzito.

Jengo lenyewe ni banda pana lililoezekwa kwa bati, lenye ukuta wa nusu upande wa kaskazini ili upepo upite. Viyoyozi havipo, na mwezi wa Oktoba na Novemba joto la alasiri huwa kali kiasi kwamba mtu asiyebeba maji ya kutosha atakatisha mazoezi njiani. Mabenchi na vyuma vya kuegemezea mtaimbo vimetengenezwa na mafundi wa kuchomelea wa hapahapa mjini. Nimevikagua kwa makini, nami nasema bila wasiwasi kwamba ni imara kuliko mashine nyingi za kuagizwa nilizowahi kuziona zikiyumba. Ipo pia mashine ya kamba ya kuvutia chini kwa ajili ya mgongo, mitaimbo ya kilo 20, dambeli, na eneo la wazi lenye mazulia ya mpira. Kwa kujaza mwili, hivyo vinatosha.

Thamani ya mahali hapa iko kwa mwalimu. Mwanachama mpya haruhusiwi kugusa chuma kabla mwalimu hajamfungulia daftari, akaandika uzito wake, na kumpima mkono, kifua, kiuno na paja kwa futi ya fundi cherehani. Vipimo hurudiwa kila baada ya majuma manne, na kila siku ya mazoezi mwanachama huandika zoezi, uzito na idadi ya marudio aliyoyafikisha. Utaratibu huu una mantiki nzito nyuma yake. Msuli hukua unapolazimishwa kubeba mvutano mkubwa kuliko ule uliouzoea, na ukishazoea unahitaji kuongezewa. Asiyeandika hajui kama ameongeza. Kanuni hiyo ya kuongeza mzigo hatua kwa hatua ilipata umbo la kitabibu katika miaka ya 1940, wakati daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alipowatibu askari waliojeruhiwa viungo kwa seti (mikupuo isiyo na mapumziko) za marudio 10 zenye uzito uliokuwa ukipandishwa kadiri nguvu zilivyorudi. Seti tatu za marudio kumi ambazo vijana wetu huzifanya bila kujua zilikotoka zina asili yake katika kazi hiyo.

Katika ufundi wa kunyanyua, mwalimu huyu ni mkali, na ukali wake unafaa. Kwenye zoezi la kusukuma mtaimbo ukiwa umelala benchi, humtaka mwanachama avute mabega nyuma na kuyakaza kabla ya kuutoa mtaimbo mahali pake, kisha aushushe kwa sekunde mbili au tatu hadi uguse kifua, bila kuudundisha. Anayedundisha huambiwa apunguze uzito papo hapo, hata kama wenzake wanamtazama. Kwenye skwati, yaani kuchuchumaa na kusimama ukiwa na mtaimbo mabegani, hutaka mapaja yashuke angalau hadi yawe sambamba na sakafu. Kwenye zoezi la kuinama na mtaimbo huku magoti yamelegezwa kidogo, ambalo hulenga misuli ya nyuma ya paja, husimama ubavuni na kuangalia mgongo tu. Nilimsikia akimwambia mtumishi mmoja aliyekaribia kustaafu, baada ya kumwamkia kwa heshima, "Mzee wangu, uzito huu unauweza, ila mgongo wako umeanza kupinda kwenye rudio la saba. Juma hili tubaki hapahapa." Mzee alikubali. Hiyo ndiyo huduma mtu anayolipia.

Kushusha chuma taratibu na kukifikisha mahali msuli unapotanuka kabisa si madoido. Tafiti za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba misuli mingi hukua vizuri ikifanyishwa kazi ikiwa imetanuka, na jambo hilo limeonekana wazi kwenye vigimbi vya miguu, ambavyo watu wengi huvifanyia mazoezi kwa kurukaruka juu ya vidole bila kushusha kisigino. Mwalimu ameweka kipande cha mbao nene ili kisigino kiende chini ya usawa wa vidole, na huwataka watu watulie pale chini kidogo kabla ya kupanda tena. Wanachama wengi hulichukia zoezi hilo kuliko yote.

Kuhusu idadi ya marudio, mafundisho ya ukumbi huu ni mapana kuliko imani iliyozoeleka kwamba bila marudio 8 hadi 12 msuli haukui. Ukweli ni kwamba msuli unaweza kukua kwa marudio machache kama 5 au mengi kama 30, mradi seti iishie karibu na pale ambapo chuma kingegoma kupanda. Marudio ya kati hupendelewa kwa sababu ni rahisi kuyasimamia: uzito hauwi mkubwa wa kuumiza viungo, wala seti haiwi ndefu ya kumaliza pumzi kabla msuli haujachoka. Mwalimu huwataka wanachama wasimame wakiwa wamebakiza rudio moja au mawili kwenye mazoezi makubwa ya mtaimbo, na kuwaruhusu wafike mwisho kabisa kwenye mazoezi madogo ya mikono na mabega, ambako chuma kikigoma hakimlalii mtu kifuani. Nakubaliana naye kabisa, hasa kwa kuwa saa za jioni hakuna wasaidizi wa kutosha wa kusimama nyuma ya kila benchi.

Ratiba anayoipanga ni ya siku nne kwa juma, mbili za sehemu ya juu ya mwili na mbili za miguu na kiuno, hivyo kila msuli hufanyiwa kazi mara mbili. Jumla ya seti kwa kila msuli mkubwa huanzia 10 kwa juma na haizidi 20, kiwango ambacho ndicho kinachopendekezwa na wengi wanaofuatilia sayansi ya jambo hili. Wageni huanza chini ya hapo. Wapo wanaolalamika kwamba hawaumwi vya kutosha kesho yake, na mwalimu huwajibu kwa subira kwamba maumivu ya misuli ni dalili ya jambo geni kwa mwili na si kipimo cha ukuaji. Huwaeleza pia kwamba nguvu inayoongezeka katika majuma ya kwanza hutokana kwa sehemu kubwa na mishipa ya fahamu kujifunza kuamuru misuli, na kwamba kioo kitaanza kuonyesha mabadiliko baadaye, aghalabu baada ya miezi miwili ya kutokosa.

Suala la kupumzika kati ya seti ndilo linaloleta mvutano ukumbini, kwa sababu ya msongamano. Kuanzia saa kumi na moja jioni, wanafunzi wa vyuo na watumishi wanaotoka Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, hufika kwa pamoja, na anayekaa benchini dakika tatu bila kunyanyua hutazamwa kama mvivu. Hata hivyo utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliowafuatilia kwa majuma 8 vijana waliokwisha kuzoea vyuma, uliona kwamba waliopumzika dakika tatu waliongeza nguvu na unene wa misuli kuliko waliopumzika dakika moja. Sababu inaeleweka: aliyepumzika vizuri hufanya marudio mengi zaidi kwa uzito uleule katika seti inayofuata. Uongozi umejaribu kutatua hili kwa kuwapanga watu wawili wawili kwenye benchi moja, mmoja akisukuma mwingine akipumzika. Kwa watu wenye nguvu zinazokaribiana mpango huo unafaa sana. Kwa wasiolingana, muda mwingi huishia kwenye kuvua na kuvisha visahani. Nawashauri wanaoweza waende asubuhi, saa kumi na mbili hadi saa mbili, ambapo hewa ya Dodoma ni baridi na vyuma viko huru.

Sasa niueleze ule upungufu. Kisahani kidogo kuliko vyote hapa ni cha kilo 2.5, na kwa kuwa lazima kimoja kiwekwe kila upande, nyongeza ndogo kabisa kwenye mtaimbo ni kilo 5. Dambeli nazo hupanda kwa kilo 5. Mtu anayesukuma mtaimbo wa kilo 30 juu ya kichwa akiwa amesimama hulazimika kuruka hadi kilo 35, yaani nyongeza ya takriban asilimia 17 kwa misuli midogo ya bega. Anayefanyia mazoezi ya mikono dambeli ya kilo 10 hulazimika kwenda kwenye ya kilo 15, ambayo ni nyongeza ya nusu nzima. Hakuna msuli unaokua kwa kasi hiyo. Matokeo yake naona wanachama wakikwama kwenye uzito mmoja kwa muda mrefu, au wakiuvamia uzito mkubwa kwa kuyumbisha kiuno, na hapo ule ufundi wote waliofundishwa hupotea. Ukumbi unaosisitiza daftari na kuongeza mzigo hatua kwa hatua, kisha ukakosa visahani vya kilo 1.25, unamnyima mwanachama ngazi ya kupandia.

Mwalimu ameutafutia upungufu huo njia ya kuupunguzia makali. Humtaka mtu aanze na marudio 8 kwa uzito fulani, aongeze rudio moja moja kila anapoweza hadi afikishe 15 katika seti zote, ndipo apande uzito na kurudi chini kwenye marudio 8. Njia hiyo ni halali na inajenga mwili. Kwa skwati na mazoezi ya mgongo inatosha kabisa. Kwa mabega na mikono ni ya polepole kupita kiasi, na wanawake, ambao wengi wao huanza na uzito mdogo, ndio wanaoumia zaidi. Hilo linanisikitisha kwa sababu ukumbi huu umefanya jitihada njema kwao: umewatengea saa tatu hadi saa tano asubuhi, na mwalimu huwaondolea hofu ya kwamba vyuma vitawapa miili ya kiume, kwa kuwaeleza kwamba homoni ya testosteroni kwa mwanamke ni kidogo mno ikilinganishwa na ya mwanamume.

Ushauri wa chakula unaotolewa hapa ni wa kweli na wa bei nafuu. Makopo ya unga wa protini hayauzwi kaunta, na tangazo ukutani linakataza sindano za homoni, ambazo huweza kuharibu uzazi na moyo wa kijana. Kipimo kinachofundishwa ni gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, kiwango kilichotokana na uchambuzi wa mwaka 2018 uliokusanya tafiti 49. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni gramu 112, na hazihitaji kopo: mayai manne yana gramu 24 hivi, robo kilo ya nyama isiyo na mafuta ina takriban 50, nusu lita ya maziwa ina 16, kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama 15, na ugali wa uwele au wa mahindi unajazia kilichobaki. Karanga za mkoani kwetu na perege wa Mtera vinaweza kuchukua nafasi ya nyama siku ambazo mfuko hauruhusu. Kirutubisho pekee ambacho mwalimu hakipingi ni krietini, unga unaousaidia msuli kupata nguvu za haraka, gramu 3 hadi 5 kwa siku, na hapo yuko sahihi. Ningependa asisitize zaidi usingizi, kwa kuwa wanafunzi wengi hukesha.

Ada ni shilingi 60,000 kwa mwezi, pamoja na kupimwa na kusimamiwa, na hakuna malipo ya ziada ya mwalimu binafsi. Kwa huduma ya kiwango hiki naiona kuwa haki. Vyoo ni safi asubuhi, jioni havitoshi. Umeme ukikatika, banda hubaki na mwanga wa kutosha hadi jua linapozama.

Ambaye tayari anabeba kilo 100 kwenye skwati atapata hapa karibu kila anachohitaji, kwani kilo 5 kwake ni asilimia 5 tu. Anayeanza namshauri naye ajiunge kwa ajili ya mwalimu, lakini kabla ya mwezi wa pili kwisha aende kwa fundi mchomeleaji akatiwe visahani viwili vya bati nene vya kilo 1.25 kila kimoja, avipime kwenye mizani ya duka, avichoree alama yake kwa rangi, na awe anakuja navyo mkobani. Nimeuliza uongozi kama unaruhusu, na jibu lilikuwa ndiyo.