Aliniwekea sumu darini, akakataa kunitajia jina la sumu hiyo

Ukimwita mtu aje kukuwekea dawa ya panya, muulize kabla hajavua viatu: dawa yako inaitwaje? Akianza kuzungukazunguka, mwambie kwaheri. Mimi sikuuliza, na jambo hilo linanikosesha raha mpaka leo.

Nakaa Ngamiani hapa Tanga, nyumba ya zamani, bati juu, dari za mbao, na uani kuna mkungu ambao matawi yake yalikuwa yamelalia paa. Nauza vitumbua. Jioni naloweka mchele, alfajiri nakuna nazi, kwa hiyo panya kwangu hakosi cha kula. Wa darini ni wale wembamba, mkia mrefu kuliko mwili, hodari wa kupanda. Nimewaona kwa macho yangu wakipita juu ya waya wa umeme. Mwanzo zilikuwa mbio za usiku tu juu ya vichwa vyetu. Baadaye nikakuta gunia la mchele limetobolewa chini, na vinyesi ndani yake. Nilimwaga mchele wote. Siwezi kumlisha mteja mchele uliokojolewa na panya, hasa baada ya ule mwaka 2022, homa ya mgunda ilipowapata wenzetu wa Lindi na tukaambiwa inatokana na mikojo ya wanyama, panya wakiwemo.

Mitego nilitega. Nilipata wachache, waliobaki wakawa wanaizunguka. Gundi niliinunua kwa vijana wanaopita na spika, ikanipa vipanya viwili. Ndipo jirani akanipa namba ya watu wanaofanya kazi hii kwa kuitwa majumbani. Wasiniulize jina, silitaji.

Alikuja kijana wa ovaroli, glovu mkononi, adabu tele. Shikamoo mama, usiwe na wasiwasi mama, niachie mimi mama. Akaniapia kwamba panya akila dawa yake hushikwa na kiu, anatoka kutafuta maji, anafia nje. "Hata harufu hutaisikia." Nikampa elfu sitini. Akapanda darini na vipande vya rangi ya buluu kutoka kwenye ndoo nyeupe isiyo na karatasi wala maandishi, akaweka vingine nyuma ya friji na chini ya kabati la vyombo. Kazi haikufika nusu saa. Tundu hata moja hakuziba. Mkungu hakuutazama.

Wazee walisema panya huuma huku akipuliza. Huyu alipuliza kwanza, akauma baadaye.

Harufu ilianza siku ya tano au ya sita hivi, chumba cha mama yangu mzazi, juu kabisa ya kitanda chake. Mama hawezi kupanda wala kushuka peke yake, kwa hiyo tulimhamishia ukumbini, akalala na wageni wanaingia na kutoka. Fundi alibandua mbao akashusha panya watatu. Hiyo habari ya kufia nje si kweli, na watu wanaendelea kuuziwa maneno hayo kila siku. Vile vya buluu kwa kawaida ni sumu ya kuzuia damu isigande. Panya anavuja damu ndani kwa ndani kwa siku kadhaa, analegea, anafia palepale anapolala. Na mwili ukishapoa, viroboto wanauhama wakitafuta damu nyingine. Sisi wa mkoa huu hatupaswi kuelezwa viroboto wa panya ni nini. Tauni iliingia Lushoto mwaka 1980 ikasumbua watu miaka na miaka.

Hata hivyo harufu ningesamehe. Tulichoma ubani, tukafukiza udi, ikapungua, ikaisha.

Kisichosameheka ni hiki. Siku moja nikaingia jikoni nikamkuta mjukuu wangu, hajatimiza miaka miwili, amekaa sakafuni na kipande cha buluu mkononi. Kidevuni udenda wa buluu. Sijui nilifikaje barabarani. Nakumbuka nimempakata ndani ya bajaji, kidole changu kinywani mwake nikifuta, na kile kipande nimekibana kwenye pembe ya kanga.

Daktari swali lake la kwanza: sumu gani? Nikamwonyesha kipande. Akasema rangi haitoshi, rangi mtu yeyote anaweza kuipaka. Akanieleza, na kwa hilo namshukuru: ikiwa ni ya kuzuia damu kuganda, ipo dawa yake, vitamini K1, na kuna muda wa kumpima na kumfuatilia mtoto. Lakini ziko sumu nyingine, kama zinki fosfaidi, ambazo zikikutana na asidi ya tumboni hutoa gesi, hazina dawa yake maalumu, na hapo saa moja ni nyingi. "Mpigie aliyeiweka," akasema.

Nikapiga. Simu ya kwanza hakupokea. Ya pili akapokea, nyuma nasikia kelele za mpira. Nikamwambia, mwanangu, mtoto ameitia dawa yako kinywani, niko hospitali, niambie inaitwaje.

Akasema, "Mama, nilikwambia uweke watoto mbali."

Nikasema sawa, kosa langu, nitajie jina.

"Hiyo ni siri ya kazi. Nikikutajia, kesho utaenda kuinunua mwenyewe."

Nilimwambia daktari yuko mbele yangu, nimpe simu aongee naye. Akasema, "Bi mkubwa, ulitaka panya wafe, wamekufa. Unanisumbua nini usiku?" Akakata. Nilipopiga tena namba haikupatikana, na tangu siku ile haijapatikana kwangu, ingawa jirani akipiga inaita.

Mtoto yu mzima, alhamdulillahi. Walimpima damu, wakaturudisha nyumbani, wakatuita tena baada ya siku mbili kumpima upya, kwa sababu sumu ya namna ile siku ya kwanza haionyeshi kitu. Siku zile mbili sikulala. Kila saa nilikuwa namfunua mdomo kwa tochi ya simu kuangalia kama fizi zinatoa damu, namgeuza mgongo kutafuta alama za kuvilia. Mtu mmoja angetamka neno moja tu, nisingeyapitia hayo.

Nitasema haki yake pia: mbio za darini zilikoma. Karibu miezi miwili kulikuwa kimya, mchele wangu ukawa salama, na ilifika mahali nikasema moyoni labda nimpe nyota tatu, kazi kaifanya, ulimi ndio mbaya. Dawa yenyewe sitaitukana. Inaua kweli.

Hapana. Nikikumbuka ile sauti yake simuwekei hata nyota moja. Na hiyo kazi yenyewe ilikuwa kazi gani? Baada ya miezi miwili wakarudi wengine kwa njia zilezile, kwa sababu njia ziliachwa wazi. Safari hii nilimwita fundi mwashi wa mtaani. Alikata matawi ya mkungu yaliyogusa paa, akapita na tochi ukutani kote. Kipanya kinapenya tundu la milimita 6, unene wa kalamu. Kila tundu alilishindilia stilwaya ya kusugulia masufuria, juu akapaka sementi, maana meno ya panya yanaota maisha yake yote na mbao au plastiki kwake si kizuizi, lakini chuma kinamshinda. Kati ya ukuta na bati akapigilia wavu wa waya. Mchele nimeuhamishia kwenye pipa la bati lenye kifuniko. Gharama ilizidi kidogo ile elfu sitini. Mama amerudi chumbani kwake, na hakuna sumu ndani ya nyumba yangu.

Isipokuwa kile kipande. Nimekifunga nailoni mbili, kimo ndani ya kopo juu ya kabati, mtoto hafiki. Tanga si kubwa. Yule kijana tutakutana tu, sokoni au barabarani. Nitakiweka mkononi mwake, mbele za watu, nimwambie akitaje jina.