Magari ya Umeme ya Mtumba: Bei Imeporomoka, Tununue au Tukae Mbali?

Haya wadau, karibuni. Leo siwaletei gari moja, nawaletea kundi zima: magari ya umeme yaliyokwisha kutumika. Bei zake zimeshuka mpaka watu ambao hawakuwa na mpango nayo wameanza kuuliza. Na swali linalonijia kila siku ni hili hili: mbona rahisi hivyo, kuna ubovu gani unafichwa?

Tuanze hapo, maana ukishaelewa bei imeshukaje utajua pia gari gani la kuchukua na lipi la kuliacha pale lilipo.

Bei ya mtumba hufuata bei ya mpya. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayelipia gari la mwaka juzi pesa ile ile ya jipya. Sasa, Januari 2023 Tesla ilishusha bei za magari yake mapya. Kule Marekani, Model Y ya masafa marefu ilikuwa dola 65,990, ikawa 52,990. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mtu aliyelala akijua gari lake la mwaka mmoja linauzika kwa elfu sitini, akaamka jipya la kiwandani lina bei ya chini ya hapo. Mwezi haujaisha, Ford nayo ikapunguza bei ya gari lake la umeme, Mustang Mach-E. China vita ya bei ilikuwa kali zaidi. Na nyuma ya yote kulikuwa na lithiamu, malighafi ya kutengenezea betri: bei yake ilifika kileleni mwishoni mwa 2022, kisha ikaanguka kwa zaidi ya asilimia 80. Betri ndiyo kitu ghali kuliko vyote ndani ya gari la umeme, kwa hiyo malighafi ikishuka, gari jipya linashuka, na la mtumba linaburuzwa pamoja nalo.

Halafu kuna Hertz. Hii kampuni ya kukodisha magari ilitangaza Oktoba 2021 kwamba inaagiza Tesla 100,000. Ilipofika Januari 2024 ikatangaza inauza magari ya umeme kama 20,000, karibu theluthi moja ya yale iliyokuwa nayo, ikilalamikia gharama za matengenezo baada ya ajali na thamani inayoporomoka. Mzigo wote huo ukimwagwa sokoni kwa mkupuo, muuzaji wa kawaida mwenye gari lake moja atafanya nini? Atashusha.

Ruzuku ninaitaja haraka, lakini msiidharau. Marekani mnunuzi wa gari jipya aliweza kupata punguzo la kodi hadi dola 7,500, utaratibu uliokoma mwisho wa Septemba 2025. Aliyenunua kwa elfu 40 huenda kwa kweli alitoa elfu 32 na nusu. Ukisikia gari la umeme limepoteza nusu ya thamani, muulize anayesema: nusu ya bei gani? Ile ya kwenye karatasi, au ile iliyotoka mfukoni? Sisemi hasara haipo. Ipo, na ni kubwa kuliko ya magari ya petroli. Ila sehemu ya hasara hiyo ilikuwa ya hesabu za makaratasi tangu siku ya kwanza.

Mmeona? Katika sababu zote hizo sijagusa kitu kilichoharibika ndani ya gari. Ndiyo maana msimamo wangu kwenye video hii ni kwamba bei ya chini isikutishe, na pia isikupumbaze. Nenda kwenye betri.

Kwenye gari la petroli tumezoea kuangalia mwaka na kilomita. Kwenye la umeme hivyo viwili vinakwambia nusu ya habari tu. Betri huchoka kwa kutumika na huchoka kwa umri, na kinachoiumiza zaidi ni joto na kukaa siku nyingi ikiwa imejaa asilimia mia. Gari la kilomita 120,000 lililochajiwa taratibu nyumbani, likaishia asilimia 80, linaweza kuwa na betri nzuri kuliko la kilomita 40,000 lililopigwa jua kutwa huku limejaa chaji. Kwa kawaida uwezo hupungua upesi kidogo mwanzoni, halafu kasi inatulia. Kwa hiyo ukikuta betri ya miaka mitatu au minne imepoteza asilimia 8 au 10, usikimbie. Hiyo ni kawaida.

Unapimaje? Kwanza, ile namba ya kilomita zilizobaki kwenye dashibodi isikudanganye. Inakadiria kutokana na jinsi gari lilivyoendeshwa hivi karibuni. Muuzaji akizunguka nalo polepole mtaani, namba inapanda. Unachotaka ni afya ya betri, yaani asilimia ya uwezo uliobaki ukilinganisha na ilipotoka kiwandani. Kuna magari yanayoionyesha kwenye skrini. Mengine unachomeka kakifaa kadogo cha bluetooth kwenye soketi ile ile ambayo fundi hutumia kusoma kompyuta ya gari, halafu programu ya simu inakusomea. Kwa Nissan Leaf programu inayojulikana ni LeafSpy, na inakupa hata volti za seli moja moja, yaani vile vibetri vidogo vinavyounda betri kubwa. Hapo tazama tofauti kati ya seli na seli. Seli moja ikiwa chini mbali na wenzake, hilo ni tatizo hata kama asilimia ya jumla inapendeza.

Na Leaf nizungumzie kidogo, kwa sababu ndiyo inayoongoza kwa urahisi na ndiyo inayowaumiza watu. Ilianza kuuzwa Desemba 2010 na betri ya kilowati-saa 24, kipimo cha umeme ambao betri inabeba. Kizazi cha kwanza na cha pili vyote havina maji ya kupozea betri. Inapoa kwa hewa tu. Mahali penye joto betri hizo zilichoka mapema. Kwenye dashibodi kuna vijipau 12 vya uwezo, kikipotea kimoja hakirudi. Isipokuwa, na hapa fungua masikio, kuna wajanja wanaofuta kumbukumbu za kompyuta ya betri, vijipau vyote vinarudi, unalipa, na baada ya muda vinaanza kuporomoka tena. Ukikuta Leaf kuukuu ina vijipau 12 vyote, uliza mara mbili. Pia mlango wake wa kuchajia haraka ni CHAdeMO, aina ambayo vituo vipya vingi Ulaya na Marekani vimeiacha. Kwa mtu wa safari fupi za mjini anayechaji nyumbani, Leaf ya kilowati-saa 40 ya kuanzia 2018 ni gari la maana. Ile ya 24 mimi siinunui, hata ikishuka vipi, labda kama utapata iliyobadilishwa betri na karatasi zake zipo.

Ninayoipenda mimi ni Chevrolet Bolt. Inashangaza kidogo, maana jina lake lilichafuka: 2021 Bolt zote ziliitwa kurudi kwa sababu ya kasoro kwenye seli za LG zilizoweza kusababisha moto. Lakini nyingi katika hizo ziliwekewa betri mpya kabisa, na betri hiyo ikaja na waranti yake ya miaka 8 au kilomita 160,000. Maana yake unaweza kukuta gari la 2017 lenye betri changa kuliko bodi, na masafa marefu kuliko lilivyotoka kiwandani: kutoka takriban kilomita 383 hadi 417 kwa vipimo vya Marekani. Dai karatasi ya kazi hiyo. Kasoro yake ni kuchaji haraka kusiko na haraka, inaishia kama kilowati 55. Kwa safari ndefu utakaa kituoni mpaka uchoke.

Model 3 ya Tesla ndiyo ya mwenye safari ndefu. Waranti ya betri ni miaka 8, na kilomita 160,000 au 192,000 kutegemea toleo, kwa ahadi ya uwezo usiopungua asilimia 70. Mengi ya matoleo ya masafa ya kawaida ya kuanzia mwishoni mwa 2021 yana betri ya LFP, aina ya lithiamu yenye chuma na fosfeti, ambayo unaweza kuijaza mpaka mia bila wasiwasi. Kwa mtumba ni sifa nzuri. Angalizo langu ni magari yaliyopata ajali kubwa. Tesla ambayo kampuni ya bima iliiandikisha kuwa imeharibika kupita kiasi inaweza kuwa imezuiwa kutumia chaja za haraka za kampuni, na hutalijua hilo kwa kuitazama rangi.

Na yale magari ya kampuni zilizokufa? Fisker ilifilisika Juni 2024, na bei za gari lake la Ocean zikawa za kutupa. Gari zuri kulitazama. Spea utapata wapi, na programu atasasisha nani? Piteni mbali, isipokuwa wewe mwenyewe ni fundi na unapenda mateso.

Mengine ni ya ukaguzi wa kawaida. Tairi huisha mapema kwa sababu ya uzito na nguvu ya kuondoka. Pedi za breki hudumu, kwa kuwa mota ndiyo inayopunguza mwendo, ila diski zinaweza kushika kutu kwa kutotumika, zitazame. Betri ndogo ya volti 12 ikifa, gari zima linagoma hata kama betri kubwa imejaa. Angalia pini za mlango wa kuchajia kama zimeungua, na uulize waya wa kuchajia upo, maana wauzaji wana tabia ya kuusahau. Kisha chaji gari mbele ya muuzaji, polepole na haraka, kote kuwili.

Kama huna mahali pa kuchajia unapolala, bei hii ya kuvutia si yako. Chaja za barabarani mara nyingi hutoza zaidi ya umeme wa nyumbani, na akiba uliyoipata kwenye kununua itatoka kidogo kidogo kituoni.

Kwa wenye magari haya tayari, mnaoniuliza muuze sasa hivi kabla bei haijashuka zaidi: kama betri ni nzima na gari linakutosha, endelea kuliendesha. Anguko kubwa la bei umeshalipia. Ukiuza leo, faida ya kulitumia gari la bei rahisi unamwachia mwingine. Anayepaswa kuuza mapema ni yule ambaye waranti yake ya betri imebakiza mwaka mmoja na vipimo vinaonyesha seli zimeanza kupishana. Huyo kwanza aende kwa kampuni na vipimo vyake mkononi, adai betri. Wakimkatalia, ndipo afikirie bei.